Kumfundisha msaidizi wa tabibu: kutoka dawati la mapokezi hadi chumba cha vipimo

Mwanafunzi anaweza kupima shinikizo la damu bila kosa hata moja, akapata 164 kwa 98, kisha akaandika namba hizo kwenye jalada la mgonjwa mwingine mwenye jina linalofanana na la yule aliyempima. Mikono ilifanya kazi sawasawa, kalamu ndiyo iliyokosea, na matokeo yake ni kwamba mtu mmoja atarudi nyumbani bila matibabu anayoyahitaji huku mwingine akiandikiwa dawa ambazo si zake. Ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi stadi za kliniki na stadi za ofisi, ingawa mitaala mingi huzifundisha katika mihula tofauti na mara nyingi chini ya wakufunzi ambao hata hawakutani.

Umeandikwa kwa mkufunzi anayewaandaa wasaidizi wa tabibu, yaani watumishi wanaompokea mgonjwa, kumfanyia vipimo vya awali, kumwandaa aonane na daktari, kuchukua sampuli pale sheria inaporuhusu, na kutunza kumbukumbu zake.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya kazi kabla ya kugusa kifaa chochote

Yale anayoruhusiwa kufanya msaidizi wa tabibu hutofautiana kati ya nchi na nchi: kwingine anachoma sindano na kuchukua damu, kwingine haruhusiwi kabisa. Pata waraka wa mamlaka inayosimamia taaluma hiyo mahali unapofundisha, uusome pamoja na wanafunzi siku ya kwanza, na uwaagize waandike kwa maneno yao wenyewe kazi wanazoruhusiwa, kazi wanazoruhusiwa chini ya usimamizi, na kazi ambazo si zao.

Mpaka unaovukwa mara nyingi zaidi hauhusu sindano bali maneno. Mgonjwa akiuliza kama presha yake ni nzuri, mwanafunzi mwenye huruma hujibu "usijali", na hapo tayari ametoa tafsiri ya kitabibu. Wafundishe jibu kamili walizoee mpaka litoke lenyewe: "Kipimo kimesoma 164 kwa 98, nimekiandika, na daktari atakueleza maana yake mtakapoonana." Jibu hilo halifichi kitu, halitishi, na halivuki mpaka.

Hatua ya 2: Panga chumba cha mazoezi kwa kufuata njia anayopita mgonjwa

Weka meza ya mapokezi karibu na mlango, ikiwa na simu, kompyuta au daftari la miadi, na majalada ya wagonjwa wa kubuni. Baada yake viti vya kusubiria. Kisha sehemu ya vipimo yenye sinki, mizani, mashine ya presha, kipimajoto na kifaa cha kupimia oksijeni. Na mwisho kona ya kuchukulia damu yenye mkono wa bandia na sanduku la kutupia vitu vyenye ncha kali. Miongoni mwa majalada hayo ya kubuni, weka kwa makusudi mawili yenye majina yanayokaribiana sana, wala usimwambie mtu.

Wanafunzi wakipimana wenyewe kwa wenyewe, waombe ridhaa kwanza, kila mmoja awe na haki ya kukataa bila kueleza sababu, na matokeo yatunzwe kwa siri ileile inayomlinda mgonjwa. Amua mapema utakachofanya iwapo mwanafunzi atagundulika ana presha ya juu mbele ya wenzake, kwa sababu jambo hilo hutokea, na mkufunzi anayekutwa hajajiandaa hulishughulikia vibaya.

Hatua ya 3: Onyesha mara mbili, kisha mwache mwanafunzi akuongoze

Njia ya hatua nne inayohusishwa na jina la daktari wa upasuaji Peyton bado ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kwanza mkufunzi anafanya stadi nzima kwa mwendo wa kawaida, kimya, ili wanafunzi waone picha kamili. Pili anairudia polepole akieleza kila tendo na sababu yake. Tatu mwanafunzi anasema hatua moja baada ya nyingine, na mkufunzi anafanya kile tu alichoambiwa. Nne mwanafunzi anafanya mwenyewe huku akieleza.

Wakufunzi wenye haraka huruka hatua ya tatu, nao hupoteza ile yenye faida kubwa zaidi. Kwa mfano, katika kupima presha, mwanafunzi akisema "sasa jaza upepo" kabla ya kukuambia utafute mapigo kwenye kifundo cha mkono, simamisha mikono yako hewani na usubiri. Usimsahihishe. Ndani ya sekunde chache ama yeye ama mwenzake atakumbuka kilichorukwa, na kosa lililogunduliwa hivyo, mkono wa mgonjwa ukiwa haujaguswa, halirudiwi kirahisi. Kazi hii inahitaji vikundi vidogo. Wakizidi watano au sita kwa mkufunzi mmoja, walio nyuma hugeuka watazamaji.

Hatua ya 4: Jenga mazoea mawili yanayotangulia kila kitu

Zoea la kwanza ni usafi wa mikono. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari na wanafunzi wa udaktari waoshe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kuwapima kina mama wanaojifungua, na vifo vya kina mama wodini mwake vikapungua sana. Hata hivyo wengi wa wakati wake walimpuuza. Wasimulie wanafunzi kisa hicho kwa ufupi, kisha uingie kwenye vitendo. Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuwa katika hatari ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kwa kitakasa mikono chenye alkoholi kazi nzima huchukua sekunde 20 hadi 30. Kwa sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60.

Mvalishe mwanafunzi glovu nyeupe, mtilie rangi ya maji kiganjani, mwambie afumbe macho na "anawe" kama anavyonawa siku zote. Akifumbua macho, viganja vitakuwa vimekolea rangi, na vidole gumba pamoja na ncha za vidole mara nyingi vitakuwa vimebaki vyeupe. Sijaona maelezo ya mdomo yanayofanya kazi kuliko dole gumba hilo jeupe. Tumia nafasi hiyohiyo kusisitiza kwamba glovu hazichukui nafasi ya kunawa, kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua.

Zoea la pili ni kuhakiki utambulisho kwa kutumia vitu viwili, kwa kawaida jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Swali liulizwe kwa namna ambayo mgonjwa analazimika kutoa jibu mwenyewe: "Naomba unitajie majina yako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa." Anayeulizwa "Wewe ndiye fulani?" huitikia ndiyo kwa sababu ana wasiwasi, au hasikii vizuri, au amechoka kusubiri. Namba ya chumba au ya kiti si utambulisho. Hapa ndipo yale majalada mawili yanayofanana yanapofanya kazi yake.

Hatua ya 5: Tumia muda mrefu kwenye shinikizo la damu

Kipimo hiki hurudiwa kuliko vingine vyote, na pia ndicho kinachofanywa ovyo kuliko vingine vyote, hivyo kipe vipindi vingi kuliko unavyodhani kinastahili. Anza na mgonjwa, si mashine. Awe hajavuta sigara, hajanywa kahawa wala kufanya mazoezi kwa dakika 30 zilizopita; kibofu kiwe kitupu; aketi akiwa ametulia kwa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, miguu haijapishanishwa, mkono umewekwa juu ya kitu kwenye usawa wa moyo, na asizungumze. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, namba hupanda; mgonjwa akiongea, namba hupanda; na mwanafunzi mchangamfu ndiye anayemwongelesha.

Kisha mkanda. Mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke takribani asilimia 80 ya mzingo wa mkono. Ukiwa mdogo kuliko mkono, usomaji huwa juu kuliko ukweli, na kwa njia hiyo mtu mnene anaweza kupewa ugonjwa asio nao. Weka katika vifaa vyako mkanda mmoja mdogo, mpime mtu mmoja mara mbili kwa mikanda miwili tofauti, na uziache namba hizo ubaoni.

Kwa mashine ya mkono, mwanafunzi atafute mapigo kwenye kifundo cha mkono, ajaze upepo mpaka mapigo yapotee, akumbuke namba hiyo, autoe upepo, kisha ajaze tena mpaka milimita 30 za zebaki juu ya namba ile kabla ya kusikiliza kwa stetoskopu. Eleza sababu, maana bila sababu hatua hii huachwa mara tu mkufunzi anapogeuka: kwa baadhi ya watu sauti hupotea kwa muda katikati na kurejea baadaye, na asiyeanza kwa kupapasa anaweza kuianzia sauti ya pili akaandika namba ya chini sana. Upepo utolewe kwa milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza inayosikika ndiyo namba ya juu. Pale sauti zinapotoweka kabisa ndipo namba ya chini. Sauti hizo zilielezwa na daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, na kanuni haijabadilika. Ukiweza kupata stetoskopu ya kufundishia yenye jozi mbili za masikio, inunue kabla ya kifaa kingine chochote, kwa kuwa bila hiyo huwezi kujua mwanafunzi amesikia nini.

Pitia karatasi za mazoezi kila wiki. Safu nzima ya namba zinazoishia na sifuri inakuonyesha mtu anayekadiria, kwa kuwa kipimo kina alama za kila milimita 2. Safu iliyojaa 120 kwa 80 ina maana mbaya zaidi. Nimewahi kukuta karatasi ya namna hiyo, na mwenye karatasi alikiri kwamba hakuwahi kusikia sauti yoyote, akaona aibu kusema. Tangu hapo kila kipindi hukianza kwa kutangaza kwamba "sijasikia" ni jibu linalokubalika na halipunguzi alama.

Vipimo vingine vya awali havihitaji muda mrefu hivyo. Mapigo yapapaswe kwa vidole viwili au vitatu, si dole gumba, kwa kuwa nalo lina mapigo yake; yahesabiwe kwa sekunde 30 na kuzidishwa mara mbili, au kwa dakika nzima yakiwa hayana mpangilio. Kwa mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika. Upumuaji, wa kawaida ukiwa 12 hadi 20, uhesabiwe kwa dakika nzima mwanafunzi akiwa bado ameshika kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, kwa sababu anayejua kwamba pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha. Kifaa cha oksijeni hudanganywa na rangi ya kucha na vidole vya baridi, na kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulijua kabla hajaridhika na namba nzuri wakati mgonjwa anahema.

Hatua ya 6: Fundisha kuchukua damu pamoja na lebo yake

Wanafunzi huiogopa sindano na kuidharau lebo. Kazi ya mkufunzi ni kuwageuza. Mpira wa kufungia mkono ufungwe sentimita 7 hadi 10 juu ya mahali pa kuchoma na usikae zaidi ya dakika moja, kwa kuwa ukizidi hapo damu iliyosimama hubadilisha matokeo. Dawa ya kusafishia ngozi iachwe ikauke yenyewe, bila kupepewa wala kupulizwa. Sindano iingie kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 30, uwazi wake ukitazama juu, na mpira ufunguliwe kabla sindano haijatolewa.

Mpangilio wa tyubu, yaani vichupa vya damu vyenye dawa tofauti ndani, wasiukariri kama shairi. Waujue kwa sababu zake. Chupa za kuotesha vijidudu hutangulia ili zisichafuliwe, hufuata ya buluu nyepesi yenye sitrati, kisha za seramu, ya kijani yenye heparini, ya zambarau yenye EDTA (dawa inayozuia damu isigande), na mwisho ya kijivu yenye floridi. EDTA inayotumika ni chumvi ya potasiamu na hunasa kalsiamu, hivyo tone lake likihamia kwenye tyubu ya seramu, maabara itaripoti potasiamu ya juu na kalsiamu ya chini kwa mtu mzima wa afya. Tyubu ya sitrati ijae mpaka kwenye alama, kwa kuwa uwiano wa sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa ndio unaobeba kipimo chote. Zote zipinduliwe taratibu, ile ya sitrati mara 3 au 4, ya EDTA mara 8 hadi 10, na isitikiswe hata moja, maana seli zinazopasuka humwaga potasiamu yake nje.

Lebo ibandikwe baada ya damu kuingia na kabla ya kuondoka mbele ya mgonjwa. Haibandikwi kabla, kwa sababu tyubu isiyotumika yenye jina la mtu hubaki juu ya meza ikimsubiri mtu asiye sahihi. Haibandikwi kwenye kaunta ya maabara, kwa sababu simu italia njiani. Katika tathmini yangu, anayechoma vizuri na kubandika lebo akiwa mahali pengine ameanguka stadi nzima.

Sindano haifunikwi tena kifuniko baada ya kutumika. Inakwenda moja kwa moja kwenye sanduku, na sanduku hufungwa likifika robo tatu. Mwanafunzi akijichoma, aoshe kwa sabuni na maji, asiminye jeraha, na aripoti papo hapo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Karatasi ya maelekezo hayo iwe ukutani kabla ya sindano ya kwanza kufunguliwa.

Hatua ya 7: Ipe simu na mapokezi uzito wa stadi ya kliniki

Simu hufundishwa kwa kupigwa. Mkufunzi akae chumba kingine, apige kama mgonjwa, na kila mara abadilishe hali: anayetaka miadi, anayelalamika, anayeomba majibu ya vipimo vya mwenzi wake, na yule anayetaja kwa utulivu kabisa kwamba kifua kinambana tangu asubuhi. Mwanafunzi awe na orodha fupi ya maneno yanayomzuia kusema "subiri kidogo": maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kulegea ghafla kwa upande mmoja wa mwili, kushindwa kutamka, kutokwa damu nyingi, kupoteza fahamu, na mtu anayesema anataka kujidhuru. Akilisikia moja kati ya hayo, anafuata utaratibu wa dharura wa kituo na kumwita mtaalamu mara moja, miadi haipangwi.

Ama kuhusu anayeomba majibu ya mwenzi wake, jibu ni hapana lenye adabu, hata kuthibitisha tu kwamba mtu huyo ni mgonjwa wa kituo hicho kukiwa ni kuvunja siri. Kwenye dawati, sauti ishushwe, kioo cha kompyuta kisitazamane na viti vya kusubiria, na sababu ya ujio wa mgonjwa isitangazwe. Katika miadi, zoezi lenye faida ni kumpa mwanafunzi siku iliyokwisha kujaa na kumwambia aingize mgonjwa mmoja wa haraka na mwingine ambaye kipimo chake kinahitaji afike bila kula. Utaona upesi nani anafikiria kuhusu mgonjwa na nani anajaza nafasi.

Hatua ya 8: Kumbukumbu, namba na madai ya bima

Kosa kwenye karatasi hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, kisha huandikwa sahihisho, tarehe na saini. Halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe. Malalamiko ya mgonjwa yaandikwe kwa maneno yake, ndani ya alama za nukuu. Dozi iliyo chini ya moja iwe na sifuri mbele, 0.5, na namba kamili isiwe na sifuri nyuma, kwa kuwa 5.0 iliyofifia nukta husomwa 50.

Katika madai, msimbo wa ugonjwa hutoka kwenye Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022 ingawa mifumo mingi bado iko kwenye la 10. Msaidizi haubuni msimbo; anauchukua kutoka kwa alichoandika daktari, na pasipoeleweka anauliza. Stoo haina mengi: kinachokaribia kuisha muda hutangulia kutoka, na friji ya chanjo nyingi husomwa mara mbili kwa siku na kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi.

Hatua ya 9: Mgonjwa mmoja, mlango hadi mlango

Sasa unganisha. Mwanafunzi mmoja anampokea mgonjwa wa kuigiza, anafungua jalada, anampima, anachukua damu kwenye mkono wa bandia, anaandika, anamkabidhi kwa daktari kwa maneno manne au matano yaliyopangika, na kumpa miadi ya kurudi. Katikati ya kuhesabu mapigo, simu inalia. Atakayekimbilia simu na kurudi kubuni namba atajionyesha, na ni afadhali ajionyeshe hapa.

Mtihani wa mwisho ufuate vituo, kwa mtindo alioueleza mwalimu wa udaktari Ronald Harden mwaka 1975: kila kituo na kazi yake, muda wake, na orodha hakiki ileile kwa watahiniwa wote. Ongeza kituo kimoja kirefu cha mgonjwa mzima. Kwenye orodha weka alama kwa hatua zisizosameheka, yaani utambulisho, mikono, lebo na kutupa sindano. Ikirukwa mojawapo, jumla ya alama haiokoi kitu.

Hatua ya 10: Kliniki halisi na kitabu cha stadi

Mwanafunzi aende kliniki akiwa na kitabu cha stadi, na msimamizi asaini alichokiona kwa macho yake tu, siku hiyohiyo. Saini zilizojazwa zote Ijumaa jioni kwa kalamu moja hazina thamani. Aanzie mapokezi kwa siku kadhaa kabla ya kuingia chumba cha vipimo, ili azijue sura na njia za wagonjwa.

Makosa yataripotiwa tu ikiwa anayeripoti haadhibiwi kwa kuripoti. Mwanafunzi aliyekuja mwenyewe kusema kwamba ameandika kwenye jalada lisilo sahihi aongozwe kwanza kumjulisha msimamizi na kusahihisha majalada yote mawili, kisha arudie stadi hiyo mbele ya mkufunzi siku hiyohiyo, na jina la mgonjwa lisionekane popote kwenye taarifa ya mafunzo.